Live Killers

Live Killers ni albamu ya kwanza ya jukwaani ya bendi ya roki ya Queen kutoka Uingereza. Ilitoka Juni 1979 ikiwa santuri mbili ndani ya jalada moja. Nyimbo zake zilirekodiwa barani Ulaya kati ya Januari na Machi mwaka huo, bendi ilipokuwa ziarani kuipigia debe albamu ya Jazz (1978). Ilifika nafasi ya 3 Uingereza na ya 16 Marekani.

Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi. Alisomea shule ya bweni Panchgani, India, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Wenzake walikuwa Brian May (gitaa), John Deacon (besi) na Roger Taylor (dramu).

Queen walikuwa mafundi wa studio. Sauti tatu walizirudia na kuzipanga tabaka juu ya tabaka hadi zikawa kwaya nzima, jambo ambalo watu wanne jukwaani hawaliwezi. Utamu wa Live Killers unatokana hasa na jinsi walivyokabiliana na upungufu huo. Katika “Bohemian Rhapsody”, baada ya Mercury kudokeza mwanzo wa “Mustapha” bila ala yoyote, wimbo unakwenda vizuri hadi sehemu ya opera. Hapo wanamuziki waliondoka jukwaani, ikachezwa kanda ya studio, kisha wakarudi kwa kishindo kumalizia. Wapo waliouita huo ulaghai. Lakini mlaghai angebaki jukwaani akichezesha midomo, hawa waliondoka.

Kwingineko walipunguza badala ya kuongeza. “Love of My Life”, ambao studioni ulikuwa na piano na kinubi, hapa umebaki na gitaa la May la nyuzi 12, sauti ya Mercury, na umati. Mercury anaanza, kisha ananyamaza, na maelfu ya watu wanauchukua wimbo kana kwamba wao ndio walioutunga. Msikilizaji wa Kibirichia, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, hahitaji kuelezwa sana kuhusu hilo: kwao Meru wimbo wa harusini huanzishwa na mmoja ukaitikiwa na wengi, na asiyeitikia ndiye mgeni. Hiki ndicho kipande bora cha albamu, na ndicho kilichotolewa peke yake kama singo.

“We Will Rock You” umepigwa mara mbili: wa kufungulia ni wa kasi, magitaa yakinguruma, na ule wa makofi na vishindo vya miguu umewekwa karibu na mwisho. Ule wa kasi ni mtamu kuliko unaojulikana na wengi.

Kasoro zipo. Mercury mara nyingi anazikwepa noti za juu alizozifikia studioni. “Brighton Rock”, wenye gitaa la peke yake la May, unapita dakika 12, nusu yake ingetosha. Maneno ya kuutambulisha “Death on Two Legs”, wimbo unaomrarua meneja wao wa zamani, yamefunikwa kwa mlio. Wanabendi wenyewe hawakuridhika na uchanganyaji wa sauti.

Albamu za jukwaani zilizofuata zilisafishwa zaidi, lakini si lazima ziwe tamu zaidi. Live Magic (1986) ilikata nyimbo, hata ile opera ikaondolewa kabisa. Live at Wembley '86 ilitoka 1992, baada ya kifo cha Mercury cha Novemba 1991. Uwanja unasikika mkubwa, bendi inasikika mbali. Mshindani wa kweli ni Live at the Rainbow '74, iliyorekodiwa London 1974 na kutolewa 2014: bendi bado changa, yenye njaa, na bila kanda ya opera, kwa kuwa “Bohemian Rhapsody” ulikuwa haujarekodiwa.