Maua Meupe ya Kunde za Bibi

Mwaka jana, mwanzoni mwa masika, nilipanda mbegu za kunde nilizozikuta nyumbani Vigwaza ndani ya chupa ya bibi. Alikuwa amefariki miezi minne kabla, na mavuno yake ya mwisho hakuwahi kuyachambua. Mbegu zilijaa majivu ya kuzuia fukusi, nami nikazifukia bila kuziangalia rangi.

Mikunde ilipochanua, karibu yote ilitoa maua ya zambarau. Mitatu ikatoa meupe. Nikadhani ni mbegu ngeni, nikainama kuing'oa. Mama akanizuia.

"Acha mwanangu. Hizo ndizo kunde nyeupe za bibi yako, alizokuwa akiwapikia wageni."

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nimefundishwa kuyatafuta ya kale kwenye nyaraka. Siku ile nilimkumbuka Gregor Mendel, mtawa wa Brno, aliyewasomea wenzake matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1865. Alizalisha njegere za maua ya zambarau na za maua meupe. Kizazi cha kwanza kilitoa zambarau tupu. Cha pili kikatoa miche 705 ya zambarau na 224 ya maua meupe. Weupe ulikuwa umejificha tu. Aliona pia kwamba mche wa maua meupe huzaa mbegu zenye ganda jeupe, na wa maua ya rangi huzaa zenye ganda la rangi.

Kwa kunde nako, mara nyingi rangi ya ua na ya ganda huenda pamoja. Kumbe bibi, akiwa barazani na ungo wake, nyekundu huku, nyeupe kule, alikuwa anachagua na maua ya msimu ujao. Na kwa kuwa ua la kunde kwa kawaida hujichavusha lenyewe, uchaguzi wake ulidumu.

Kazi hiyo ni kongwe. Kunde zilianza kulimwa Afrika hii hii, na huko Ghana wanaakiolojia wamepata punje zake zenye umri wa zaidi ya miaka 3000.

Padre Charles Sacleux alifika pwani yetu mwaka 1879, akaishi Bagamoyo na kukusanya mimea. Jenasi moja ya mimea ya Afrika Mashariki, Sacleuxia, imepewa jina lake, na alistahili. Bibi na waliomfundisha hawamo kitabuni. Kumbukumbu yao ni mbegu, nayo isipopandwa kwa miaka michache hufa au huliwa na wadudu.

Kwenye ile mikunde mitatu nilivuna konzi moja ya punje nyeupe. Nimezitia majivu, nikaandika jina la bibi kwenye chupa.