Ukwangala na Mitambo: Hukumu ya Watu wa Rungwe juu ya Redio, Sinema na Simu

Hapana chombo kigeni kiingiacho katika nchi kisihukumiwe na wenyeji wake. Hukumu hiyo haiandikwi mahakamani, wala haitolewi na mtu mmoja; hutolewa sokoni, kilabuni, barazani, na njiani watu warudipo kutoka shamba. Hutambulikana kwa jina ambalo watu hukipa chombo, kwa bei wanayokubali kukilipia, na kwa mahali wanapokiweka, ama uani kwa wote, ama chumbani kwa mmoja. Historia ya mitambo ya habari na burudani katika Wilaya ya Rungwe yafaa kusomwa kwa njia hiyo, kwa sababu huko palikuwapo kipimo cha kale ambacho kila jambo jipya lilipimwa kwacho.

Kipimo hicho kwa Kinyakyusa huitwa ukwangala. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi wao Rungwe baina ya 1934 na 1938, walilikuta neno hilo katika vinywa vya watu kila siku, na Monica Wilson alilieleza kwa urefu katika kitabu chake Good Company, kilichochapishwa mwaka wa 1951. Ukwangala ni furaha ya kuwa pamoja na wenzi: kula pamoja, kunywa pamoja, na kuzungumza kwa adabu. Lakini si furaha tupu. Wanyakyusa waliamini kwamba mtu hupata hekima kwa kujadiliana na walio sawa naye, na ndiyo maana wavulana wa rika moja walitoka nyumbani kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Mtu aliyekula peke yake alishukiwa. Kwa watu wa namna hii, swali la kwanza juu ya mtambo wowote halikuwa kama unatenda ajabu, bali kama unawakusanya watu au unawatawanya.

Gramafoni ilijibu swali hilo vema. Katika miaka ya 1930 vijana wengi wa Rungwe walikwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, na wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, hata Afrika ya Kusini. Kijana aliyerudi alitazamiwa kuleta ushahidi wa safari yake, na gramafoni ilikuwa ushahidi usioweza kufichwa. Ilipopigwa ilisikiwa na nyumba zote za jirani. Mali ilikuwa ya mmoja, lakini sauti ilikuwa ya wote. Basi utajiri wake haukuleta chuki kubwa, maana uligawanywa kadiri ulivyotumiwa.

Redio ilikuja na mashauri mazito zaidi. Kituo cha Lusaka, kilichoanzishwa mwaka wa 1941 wakati wa vita, kilitangaza kwa lugha kadhaa za Kiafrika, zikiwamo Kibemba na Kinyanja. Mwaka wa 1949 mkuu wake wa habari, Harry Franklin, alifaulu kushawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya bei nafuu ya betri, ambayo kwa umbo lake la mviringo ilipewa jina la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake ilikuwa shilingi 25. Kwa mchimba shaba hizo zilikuwa fedha nyingi, lakini si fedha zisizofikirika. Peter Fraenkel, aliyefanya kazi katika kituo hicho, alieleza katika kitabu chake Wayaleshi, cha mwaka 1959, jinsi wasikilizaji walivyoipenda redio. Hata hivyo alieleza pia jinsi watangazaji wale wale walivyoshukiwa katika siku za ugomvi wa Shirikisho la Afrika ya Kati, wakanong'onwa kuwa ni watumishi wa wanyonya damu. Uvumi huo haukuwa upumbavu mtupu. Watu walikuwa wakiuliza kwa lugha yao: huyu asemaye ndani ya sanduku, anamsemea nani?

Tanganyika ilianza baadaye. Sauti ya Dar es Salaam ilisikika mara ya kwanza mwaka wa 1951; mwaka wa 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka wa 1965 serikali huru ikalivunja na kuanzisha Redio Tanzania Dar es Salaam. Hapa palikuwa na tofauti kubwa na Lusaka. Dar es Salaam ilisema kwa Kiswahili, pamoja na Kiingereza, wala haikusema Kinyakyusa. Nia ilikuwa njema na matunda yake yamekuwa mengi, kwani taifa la makabila zaidi ya 120 lilipata sauti moja. Lakini historia ya kweli haina budi kutaja gharama yake pia. Mzee asiyekwenda shule, aliyekuwa bingwa wa maneno barazani pake, alikaa mbele ya redio kama mgeni. Bila shaka mara nyingi mkalimani wake alikuwa mjukuu wake. Chombo kilichowakusanya watu kikapindua utaratibu wa nani anene na nani asikilize.

Yafaa pia kukumbuka kwamba ukwangala wa kale ulikuwa zaidi wa wanaume. Redio haikujali desturi hiyo. Ilisema jikoni kama ilivyosema barazani, na mwanamke aliyekuwa akimenya ndizi alisikia habari za dunia saa ile ile aliposikia mumewe. Transista ilirahisisha jambo hili kwa kuondoa betri kubwa na nzito. Mwaka wa 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam cha kutengeneza betri na redio, na jina la National likawa maarufu katika maduka ya nchi nzima. Mawimbi mafupi nayo yaliwafaa sana watu wa milimani. Mawimbi hayo hupanda angani yakarudishwa chini, kwa hiyo Mlima Rungwe na safu za Livingstone hazikuweza kuyazuia, kama zinavyoweza kuyazuia mawimbi ya FM yaendayo moja kwa moja.

Kilele cha usikilizaji wa pamoja kilifikiwa mwaka wa 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Nchini kote watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio. Baada ya kipindi walijadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Kampeni hiyo ilibuniwa na wataalamu wa elimu ya watu wazima, si na Wanyakyusa. Lakini kama ukwangala ungalitafutiwa mtambo wa kuutumikia, usingalipatikana uliofaa kuliko huo. Sauti ilitoka mbali, hekima ikatafutwa karibu, katika mazungumzo ya watu walioketi pamoja. Na safari hii wanawake walikuwamo.

Picha zilipita njia nyingine. Kabla ya uhuru Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, lakini Bara ilingoja hadi 1994. Katika muda huo wa kungoja na hata baadaye, video ndiyo iliyotawala. Banda la mabenchi, lenye giza na joto, liliitwa na watu wenyewe kibanda umiza. Na jina hilo ni uhakiki kamili katika maneno mawili, kwani lasema raha na taabu kwa pamoja. Filamu za Hong Kong, za Kihindi na za Marekani zilipata wakalimani kama Derek Gaspar Mukandala, aitwaye Lufufu, aliyeeleza kisa kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, akiongeza mizaha na maoni yake. Ni dhahiri kwamba watazamaji hawakutaka kuonyeshwa tu, walitaka kuzungumziwa.

Serikali ilipozima matangazo ya analojia, ikianza na Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufuata miji mingine baadaye, kifaa kipya kilipewa jina la king'amuzi. Neno ni zuri, maana kung'amua ni kutambua kilichofichika. Lakini aliyekwisha kununua televisheni aliona ajabu kuambiwa anunue na akili ya kuielewa, kisha ailipie kila mwezi.

Simu ndiyo iliyoamsha mabishano makubwa kuliko vyote. Simu ndogo yenye tochi iliitwa kitochi au kiswaswadu, kwa dhihaka iliyochanganyika na heshima, kwa kuwa chaji yake hukaa siku nyingi na taa yake humulika njia. Mwezi wa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia, ambazo namba yake ya utambulisho ya tarakimu 15 haikuwa halali. Sheria ilikuwa na sababu. Lakini aliyepoteza alikuwa mnunuzi, wala si mwuzaji. Mwezi wa Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya fedha kwa simu, na malalamiko yakawa makubwa hata ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Septemba. Katika wilaya ambayo tangu siku za Lupa imezoea kupokea fedha za watoto walio mbali, tozo hiyo haikuonekana kuwa kodi ya biashara. Ilionekana kuwa kodi ya undugu.

Je, simu inawakusanya watu au inawatawanya? Kijana aliyeziba masikio yake kwa visikilizio, akitazama peke yake filamu ambayo zamani ingalijaza kibanda, angalishukiwa na wazee wa mwaka 1935 kama mtu alaye peke yake. Upande huu hukumu ni kali. Lakini upo upande wa pili. Redio zilizotangulia, na hata redio za jamii zilizokuja baadaye kama Chai FM ya Tukuyu, zilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kawaida ya hewani. Simu ndiyo mtambo wa kwanza ambao ndani yake Kinyakyusa kinasema kwa wingi, kwa sababu asemaye ndiye mwenye chombo. Mama aliyeko Tukuyu humwonya mwanawe aliyeko Dar es Salaam kwa lugha ile ile aliyomlelea, na mwana hujibu.

Basi hukumu ya watu wa Rungwe haikuwa ya kukataa ugeni, wala ya kuusujudia. Waliuliza gharama, wakauliza lugha, wakauliza ujirani. Chombo kilichojibu maswali hayo matatu kwa haki kilipewa mahali uani. Kisichojibu kilipewa jina la dhihaka, na mara nyingine vyote viwili kwa pamoja.