Chumvi ya Kavirondo na Hesabu ya Figo

Katika mwaka 1929 tabibu mmoja wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliyekuwa akihudumu Kavirondo ya Kusini, nchi ambayo leo imegawanyika baina ya Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori, alitangaza katika jarida la Lancet kwamba amewapima wenyeji 1,000 na kuona kuwa shinikizo la damu, ambalo kwa Wazungu hupanda kadiri umri unavyosonga, kwa watu hawa halikupanda uzeeni, bali lilielekea kushuka. Sababu aliitafuta katika nafsi, na kitabu chake cha mwaka 1937 chaulaumu ustaarabu na misukosuko yake. Rai hiyo si ya kupuuzwa, walakini naona ilimpasa kuchungulia chungu kabla ya kuchungulia roho.

Zamani chumvi ilikuwa adimu bara. Wakazi wa nchi za maziwa waliifuata Katwe na Kibiro, huko Uganda ya leo, au waliinunua kwa waliotoka huko. Na asiyeipata alichoma makapi ya maharagwe, akapitisha maji katika majivu yake, akachuja, akapikia mboga. Maji hayo yana potasiamu tele na sodiamu haba, basi kazi ya figo ikawa kuidaka sodiamu isipotee mkojoni.

Sisemi kwamba watu hao walishinda na njaa. Walikuwa na mtama, wimbi na samaki. Lakini dhiki ilipoingia, figo ziliathirika pia. Mtu akosapo protini kwa muda mrefu, damu ipitayo figoni hupungua na uchujaji hulegea, hata akipewa chumvi nyingi hawezi kuitoa upesi, na maji humbakia mwilini. Ndiyo maana watoto wenye kwashiakoo, ambao miguu yao imekwisha kuvimba, hupewa chumvi kwa hadhari kubwa. Fauka ya hayo, mtoto azaliwaye mwepesi hali miezi yake imetimia, kwa kuwa mamaye hakupata chakula cha kutosha, aghalabu huwa na nefroni, yaani vichujio vidogo vya figo, pungufu, wala haziongezeki tena.

Baadaye chumvi ya dukani ikawa rahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo, watu wa nchi hizo za maziwa, waliohamia Nairobi, ukaona kwamba shinikizo lao lilipanda mapema baada ya kuwasili, na mkojo wao ukawa na sodiamu nyingi kuliko wa ndugu zao waliobaki nyumbani, na potasiamu kidogo. Hata mapigo yao ya moyo yalikwenda mbio zaidi, jambo ambalo chumvi peke yake haitoshi kulieleza.