Programu ya Bure, Takwimu za Kufungiwa

Kila mwezi muuguzi mkuu wa kituo cha afya kule Lubunga ao Mangobo anajaza karatasi ndefu: wangapi waliugua malaria, wamama wangapi walizaa, watoto wangapi walichanjwa. Karatasi inapelekwa kwenye ofisi kuu ya zone de santé, na pale mtu anaziingiza hesabu katika kompyuta. Programu anayofungua inaitwa DHIS2. Benye kuitumia ni wengi, benye kujua ilitoka wapi ni wachache.

Ilizaliwa Afrika ya Kusini. Apartheid ilipoanguka mwaka wa 1994, serikali mupya ilirithi idara za afya zilizogawanywa kwa rangi ya ngozi, kila moja na fomu zake. Huko Cape Town, watu wa afya pamoja na watafiti, kati yao Mnorwe Jørn Braa, walitaka wilaya yenyewe isome hesabu zake, isiwe mtumwa wa kupeleka karatasi juu tu. Toleo la kwanza lilikuwa la bure, lakini lilisimama juu ya Microsoft Access. Ni kusema unapewa mlango, ufunguo unanunua! Ndipo Chuo Kikuu cha Oslo na wenzake wakaandika upya yote juu ya vyombo huru. Mwaka wa 2006 DHIS2 ilianza kazi Kerala, India. Mwaka wa 2011 Kenya ikaieneza inchi nzima kwa intaneti. Kwetu ilikuja nyuma kidogo, na leo zones de santé za Congo, zinazopita 500, zinaripoti humo.

Hapa kuna tofauti na mashine ya kura ya 2018, ile ya kampuni Miru Systems ya Korea ya Kusini. Watu waliibatiza « machine à voler », na raia hakuwa na njia ya kufungua kodi yake asome mwenyewe kama ni kweli ao uongo. Kodi ya DHIS2 iko wazi, na Wizara hailipi leseni. Lakini seva, konesho, mafuta ya jenereta na mafunzo vinalipwa, na mara nyingi mkono unaolipa ni wa wafadhili.

Tena, programu inaonyesha tu kile kilichoingizwa. Tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka wa 2021, serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo katika Banalia, hapa kwetu Tshopo. Siku ile zilihesabiwa kesi 261 za kushukiwa, na vifo 129. Karibu nusu! Sampuli zilithibitishwa Paris, Institut Pasteur. Mtu akifia njiani kutoka machimbo, mbali na muuguzi, hakuna kisanduku kinachomngojea kwenye fomu, hata kodi ikiwa huru namna gani.

Na kuna jambo ambalo mimi naona linatugusa sisi zaidi. Kodi, mwanafunzi wa informatique pale UNIKIS anaweza kuishusha usiku huu bila kuomba ruhusa ya mtu. Hesabu za malaria za Makiso, hapana: zinataka password. Mwenzake anayeandika mémoire juu ya malaria bado anabeba barua yenye mhuri hadi ofisi ya afya ya jimbo, na kungojea kwenye benchi.