Fedha ya Kambini: Sarafu za Karthago katika Kisiwa cha Sisilia

Karthago, mji ulioasisiwa na Wafoinike wa Tiro katika pwani ya Tunisia ya leo, ulitawala biashara ya magharibi mwa Bahari ya Mediterania kwa karne kadhaa pasipo kufua sarafu zake wenyewe, na mji huo ulipoanza kuzifua mwishoni mwa karne ya 5 KK, kilichousukuma hakikuwa soko bali vita. Mwaka 409 KK majeshi yake yaliivamia Sisilia na kuiangamiza miji ya Kigiriki ya Selinus na Himera, kisha mwaka 406 KK yakaitwaa Akragas. Ndani ya majeshi hayo walikuwamo mamluki, yaani askari wa kukodiwa, kutoka Iberia na Campania, ambao walitaka ujira wao kwa fedha waliyoizoea; na fedha iliyoaminika kisiwani humo ilikuwa ya Wagiriki.

Kwa sababu hiyo Karthago ilifuata tetradrakma, sarafu ya drakma nne yenye uzito wa gramu 17 hivi kwa kipimo cha Athens. Maandishi yake, hata hivyo, yalibaki ya Kifoinike: baadhi zina jina Qart-hadasht, maana yake Mji Mpya, ambalo ndilo jina la Karthago yenyewe, na nyingine zina neno mahanat, yaani kambi, au mehashbim, wakaguzi wa hesabu. Ni nadra kwa sarafu za kale kutamka waziwazi namna hii kwamba zilitolewa kwa ajili ya jeshi.

Kilele cha mchanganyiko huo ni sarafu za nusu ya pili ya karne ya 4 KK, ambazo upande mmoja zina kichwa cha mwanamke aliyevikwa taji la majani ya nafaka, huku pomboo wakiogelea kumzunguka. Sura hiyo ilichukuliwa kutoka kazi ya Euainetos, mchongaji mashuhuri wa Sirakusa, mji uliokuwa adui mkubwa wa Karthago kisiwani. Upande wa pili kuna kichwa cha farasi na nyuma yake mtende, alama zilizoutambulisha mji wa Karthago. Kuziita sarafu hizi nakala tu ni kuwapunja waliozichonga, kwa maana katika zile zilizo bora manyoya ya shingo ya farasi na mshipa wa shavuni vimechongwa kwa ustadi usiopungua ule wa Sirakusa.

Karthago iliipoteza Sisilia kwa Roma mwaka 241 KK, ikashindwa kuwalipa mamluki wake, nao wakaasi wakiungana na Walibya. Waasi hao walizichukua sarafu za Karthago, wakazigonga upya kwa mihuri yao juu ya chapa ya zamani, na kuziandika kwa Kigiriki kwamba ni za Walibya.