Adui wa Mbali, Maiti za Karibu

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi ikiwa imepita kidogo, gari lililojaa vilipuzi lililipuka nyuma ya Ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi. Dakika chache kando, jingine likalipuka nje ya ubalozi wa nchi hiyo hiyo Oysterbay, Dar es Salaam. Waliokufa ni 224: Nairobi 213, Dar 11. Wamarekani walikuwa 12, wote Nairobi. Dar hakufa Mmarekani hata mmoja.

Hebu zisome tena hizo namba. Kundi lililotangaza vita dhidi ya Marekani liliua Wamarekani 12 na watu wengine 212, karibu wote Wakenya na Watanzania. Kwa hesabu ya kawaida tungesema mpigaji kakosa shabaha. Na kila Agosti ikifika tunajifariji kwa methali ile ile: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Methali nzuri, ila hapa inatupoteza. Tembo wanapopigana hawaziwazi nyasi. Al-Qaeda iliziwaza. Ilikuwa na maelezo ya vifo vyetu kabla magari hayajawashwa, maelezo yenye lugha ya fiqhi. Wale 212 hawakuwa ajali iliyoupata mkakati njiani. Walikuwa ndani ya mkakati wenyewe, na anayetaka kulielewa kundi hili aanze na wao.

Wazo lilikotoka

Al-Qaeda ilizaliwa Peshawar, Pakistan, mwaka 1988, vita vya Afghanistan vikielekea ukingoni. Tangu majeshi ya Umoja wa Kisovieti yaingie Afghanistan Desemba 1979, vijana wa Kiarabu walikuwa wakimiminika Peshawar kusaidia mujahidina. Aliyewapokea alikuwa Abdullah Azzam, mwanachuoni wa Kipalestina, aliyeanzisha ofisi ya kuwahudumia mwaka 1984. Aliyetoa fedha alikuwa Osama bin Laden, kijana wa ukoo wa makandarasi matajiri wa Saudi Arabia.

Warusi walipoondoka Februari 1989, vijana hawa walirudi na hadithi moja: tumeiangusha dola kubwa kwa imani. Hadithi hiyo iliruka mengi. Iliruka fedha na silaha za Marekani na Saudi Arabia, na iliwaruka Waafghani wenyewe, waliopigana sehemu kubwa ya vita hivyo na kufa kwa mamia ya maelfu. Lakini hadithi haihitaji kuwa kamili ili ifanye kazi. Hii ilifanya kazi sana.

Agosti 1990 Iraq ikaivamia Kuwait. Bin Laden akajitolea kuilinda Saudi Arabia kwa wapiganaji wake. Watawala wakakataa, wakaalika majeshi ya Marekani. Kwake yeye lile lilikuwa kufuru: wanajeshi wa kigeni katika nchi ya Makka na Madina. Akagombana na watawala, akahamia Sudan, na Mei 1996 akalazimika kurudi Afghanistan.

Hapo ndipo swali la adui linapoingia. Miongoni mwa wanamgambo wa Misri, jibu la zamani lilikuwa adui wa karibu. Sayyid Qutb, mwandishi na mhakiki wa fasihi aliyenyongwa na serikali ya Gamal Abdel Nasser mwaka 1966, alikuwa amefundisha kwamba jamii za Kiislamu zenyewe zimerudi katika ujahili. Mhandisi aitwaye Muhammad Abd al-Salam Faraj akaisukuma hoja hiyo mbele katika kijitabu chake: mtawala asiyehukumu kwa sheria ya Mungu ndiye wa kupigwa kwanza. Wenzake wakamuua Rais Anwar Sadat Oktoba 1981, na mwaka uliofuata Faraj naye akanyongwa.

Wakatarajia umma usimame. Haukusimama. Miaka ya 1990 uasi wa Misri na wa Algeria ulizama katika damu za raia, na wananchi waliotakiwa kukombolewa wakawageuzia wapiganaji kisogo. Baada ya mauaji ya watalii Luxor Novemba 1997, Wamisri wengi walichoka kabisa.

Bin Laden na daktari wa upasuaji Ayman al-Zawahiri wakaipindua hoja. Tawala za nyumbani hazianguki, walisema, kwa sababu zimeegemea Marekani. Mpige adui wa mbali, na hawa wa karibu watakosa pa kushika. Tarehe 23 Februari 1998 wakatoa tamko, pamoja na viongozi wengine watatu, kwamba kuwaua Wamarekani na washirika wao, wanajeshi na raia, ni wajibu wa kila Mwislamu katika nchi yoyote. Si bin Laden wala Zawahiri aliyekuwa na mamlaka ya kutoa fatwa. Mmoja alikuwa mfanyabiashara, mwingine tabibu.

Kwa nini sisi

Adui wa mbali ana tatizo moja: yuko mbali. Ni lazima umkute mahali anapofikika. Kufikia mwaka 1998 mahali hapo palikuwa pameshapigwa picha zamani. Ali Mohamed, askari wa zamani wa Misri aliyewahi pia kutumikia jeshi la Marekani, alikiri mahakamani New York mwaka 2000 kwamba aliupeleleza ubalozi wa Nairobi miaka mitano kabla ya shambulio. Alisema bin Laden aliiangalia picha na kuonyesha gari lipite wapi.

Miezi ile ile ya 1993, mwezi Oktoba, wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa katika mapigano ya Mogadishu, na Machi 1994 majeshi ya Marekani yakaondoka Somalia. Bin Laden akalisoma tukio hilo kama alivyoisoma Afghanistan: dola kubwa ikitoka damu kidogo, inakimbia.

Nairobi ilimfaa kwa sababu nyingine pia. Ubalozi ulikaa kando ya barabara yenye shughuli, majengo ya ofisi yakiugusa. Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameiandikia Washington kwamba jengo lile si salama. Na watu wa Al-Qaeda walikuwa wameshaweka makazi kwetu, wakiendesha biashara na shirika la hisani, wakioa, wakiuza samaki Mombasa. Kamanda wao wa kijeshi, Abu Ubaidah al-Banshiri, alikufa maji Ziwa Victoria Mei 1996. Alikuwa abiria katika MV Bukoba, meli ile ile iliyoacha misiba Mwanza na Kagera ambayo mpaka leo haijasahaulika. Nchi nzima ililia, na ndani ya msiba ule alikuwemo mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Tusijitoe pia. Mkomoro Fazul Abdullah Mohammed, aliyeratibu shambulio la Nairobi, alizungumza Kiswahili chetu. Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Khalfan Ghailani, waliofungwa maisha Marekani kwa sehemu yao katika njama hiyo, ni Watanzania. Wazo lilitoka mbali, lakini kuna mikono ya hapa iliyolibeba.

Fatwa ya ngao

Turudi kwenye wale 212. Mujahidina anayejiita mtetezi wa wanyonge anawaelezaje?

Katika fiqhi kuna mjadala wa kale uitwao tatarrus, yaani kujikinga kwa ngao ya watu. Swali lake ni hili: jeshi la adui limewashika mateka Waislamu na kuwapanga mbele yake. Je, walinzi wa mji wanaruhusiwa kurusha mishale, wakijua itawapata mateka? Wanazuoni walilijibu kwa hofu kubwa. Imamu al-Ghazali aliweka masharti mazito: iwe dharura isiyo na njia nyingine, manufaa yawe ya yakini, na hatari iwe ya umma mzima. Kwa maneno mengine, mlango wenyewe ni mwembamba na umewekewa makufuli matatu.

Zawahiri aliuvunja mlango huo. Baada ya kundi lake kuulipua ubalozi wa Misri mjini Islamabad Novemba 1995, na lawama kuwa nyingi kutoka kwa Waislamu wenyewe, aliandika kutetea vifo vya wasiohusika kwa hoja hiyo hiyo ya ngao. Kufika 1998 hoja ilikuwa tayari mfukoni.

Sasa iweke Nairobi uone inavyopwaya. Jengo la Ufundi, lililoporomoka lote, lilikuwa na chuo cha uhazili. Wanafunzi wale hawakuwekwa mbele ya adui na mtu yeyote. Walikuwa darasani. Abiria waliokuwa kwenye basi barabarani hawakuwa mateka wa Marekani, walikuwa wanaenda kwenye shughuli zao. Hapakuwa na jeshi lililouzingira mji, wala ukuta, wala dharura. Wengi wao hawakuwa Waislamu, kwa hiyo hata hoja hiyo mbovu haikuwahesabu. Wao hawakuwa na hoja yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo huwa linanisimamisha kila nikisoma rekodi za kesi hii. Mmoja wa waliokamatwa aliwaambia wapelelezi kwamba siku na saa vilichaguliwa ili Waislamu wawe msikitini kwa swala ya Ijumaa. Yeyote aliyeishi miji yetu anajua swala ya Ijumaa ni mnamo saa saba mchana. Saa nne na nusu Mwislamu wa Nairobi yuko kazini, kama Mkristo wa Nairobi. Ndiyo maana nasema walitufikiria. Walitufikiria kidogo tu, kiasi cha kutuliza nafsi zao, si kiasi cha kuangalia saa.

Kabla ya mlipuko mkubwa palisikika mlipuko mdogo na risasi. Watu wa ofisi za jirani wakasogea madirishani kuona kuna nini. Vioo vikawakuta hapo. Majeruhi walikuwa maelfu, na kuna waliotoka nyumbani asubuhi wakiona, wakarudi vipofu.

Kilichobaki

Kwa kipimo cha Al-Qaeda yenyewe, Agosti 7 ilifaulu. Tarehe 20 Agosti Marekani ilirusha makombora kwenye kambi za Afghanistan na kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum. Bin Laden akanusurika, na jina ambalo wengi hawakulijua likawa maarufu duniani. Oktoba 2000 meli ya kivita USS Cole ikashambuliwa Aden. Septemba 11, 2001 wakafa karibu watu 3,000 Marekani. Zikafuata Afghanistan na Iraq, yaani vita virefu vya gharama ambavyo bin Laden alitamani kuiingiza Marekani, ili itoke damu kama walivyotoka Warusi.

Lakini shabaha yenyewe ilikuwa ipi? Tawala za karibu zianguke na umma uungane. Hilo halikutokea. Badala yake duara likajikunja likarudi palepale ilipoanzia Misri: kuua watu wa karibu. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala, pwani ya Kenya, ililengwa kwa sababu ya Waisraeli. Wakafa Waisraeli watatu na Wakenya kumi. Al-Shabaab, iliyotangaza kujiunga na Al-Qaeda Februari 2012, iliua watu 67 Westgate mwaka 2013 na 148 Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Bomu la lori la Oktoba 2017 Mogadishu, ambalo al-Shabaab ilinyooshewa kidole bila kukiri, liliua zaidi ya watu 500, karibu wote Wasomali Waislamu.

Waliopinga toka ndani hawakukosekana. Sayyid Imam al-Sharif, ambaye vitabu vyake vilikuwa mwongozo wa kundi la Zawahiri, aliandika mwaka 2007 akiwa gerezani Misri kuupinga mkondo huo. Unaweza kusema ni maneno ya mfungwa. Lakini hata bin Laden, katika barua zilizokutwa nyumbani kwake Abbottabad alikouawa Mei 2011, alilalamika kwamba damu za Waislamu zinalichafua kundi. Aliyeufungua mlango alikuwa anashangaa nani ameingia.

Kwetu athari zilikaa kwenye vitu vya kila siku. Tanzania ilipata sheria ya kuzuia ugaidi mwaka 2002, Kenya mwaka 2012. Aprili 2014, katika msako Nairobi, maelfu walikamatwa, wengi Wasomali, na wengi wakashikiliwa uwanja wa Kasarani. Kijana wa Mombasa au Lamu mwenye kanzu akajifunza kujieleza kizuizini kwa jambo asilolifanya. Hilo nalo ni tunda la mkakati ule, maana kundi la aina hii linanenepa pale Mwislamu anapotazamwa kama mgeni kwao.

Balozi zote mbili zilihamia viwanja vipya vyenye kuta nene, mbali na barabara. Pale Nairobi pamebaki bustani ya kumbukumbu na ukuta wenye majina.

Mwaka 2020 Sudan, iliyokuwa imemhifadhi bin Laden, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa waathirika waliokuwa na madai katika mahakama za Marekani. Walioingia humo ni Wamarekani, pamoja na wafanyakazi wa balozi na familia zao. Mwanafunzi wa uhazili wa jengo la Ufundi hakuwemo. Wala abiria wa basi, wala karani wa ofisi ya jirani aliyesogea dirishani. Bin Laden aliwaweka kwenye hesabu ya ngao. Hesabu ya fidia haikuwaweka popote. Waathirika wa Kenya wameendelea kubisha hodi kwa serikali yao na kwa Marekani, wakiwa wamezeeka, baadhi wakiongozwa kwa mkono na wajukuu ambao hawajawahi kuwaona.