Fomu ya Mkopo: Historia ya Deni na Historia ya Cheti

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, mjadala wetu huwa ni ule ule: nani amepata, nani amekosa, na kwa asilimia ngapi. Ni mjadala halali, lakini kumbukumbu yake ni fupi. Fomu ambayo kijana wa miaka 19 huijaza mtandaoni, akaichapa, akaipeleka kwa mdhamini, kwa viongozi wa serikali ya mtaa na kwa wakili, kisha akaipandisha tena mtandaoni, ni waraka wa kihistoria. Ukiusoma kwa makini utaona kuwa umebeba maswali mawili ambayo nchi yetu imeyajibu kwa namna tofauti tangu uhuru. Anayesomeshwa na umma anadaiwa nini? Na ni nani mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba anastahili kusomeshwa?

Nianze na swali la kwanza. Chuo Kikuu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mwaka 1964 ada ya shule za sekondari ilifutwa, na kwa wale wachache waliofika chuo kikuu, sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na serikali. Haikuwa sadaka. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kutafuta msaada. Asiporudi na msaada huo, amewasaliti wenzake. Deni lilikuwapo tangu mwanzo, ila lilikuwa deni la utumishi.

Lilipodaiwa, lilizua mgogoro. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mjini Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewalazimu kutumikia kambini na kisha kufanya kazi kwa muda wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Zaidi ya wanafunzi 300 walirudishwa makwao. Siku hiyo hiyo Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Tuzingatie kilichobishaniwa. Hakuna aliyeuliza ni mwanafunzi gani maskini na yupi tajiri. Hoja ilikuwa msomi atakatwa kiasi gani kwa ajili ya taifa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliendeleza mantiki hiyo: aliyetaka kuingia chuo kikuu alitakiwa kwanza kufanya kazi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Karatasi iliyotakiwa enzi hizo ilishuhudia mwenendo wa mtu na utayari wake wa kutumika. Ilikuwa na kasoro zake, kwa kuwa chama kingeweza kumnyima mtu nafasi kwa sababu za kisiasa, lakini swali lake lilikuwa wazi.

Kisha hazina ikakauka. Bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kuporomoka kwa uzalishaji vilituleta hadi mapatano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya huduma za jamii yakabanwa. Sera ya uchangiaji wa gharama ilitangazwa mwishoni mwa muongo huo na kuanza kutekelezwa vyuoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005 na kupewa pia jukumu la kukusanya mikopo iliyotolewa tangu Julai 1994. Deni la utumishi likawa deni la shilingi.

Deni la shilingi nalo lina siasa zake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na yakawagusa hata waliosaini mikataba wakitarajia asilimia 8. Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, tozo ambayo kwa miaka mingi iliwafanya watumishi waone deni likikua huku wakiendelea kulipa. Dawa ya deni ni kulipa, sawa. Lakini kanuni za kulipa ni za kujadiliwa na wote, kwa kuwa zimebadilishwa zaidi ya mara moja bila mkopaji kuulizwa.

Swali la pili ndilo zito zaidi. Rasilimali zikiwa chache, lazima kuchagua; na ukichagua kwa kigezo cha uhitaji, mwombaji lazima athibitishe uhitaji wake. Ndiyo maana leo cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, cheti cha kifo cha mzazi vivyo hivyo, na kaya iliyo chini ya TASAF huambatanisha ushahidi wake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Bodi haikubuni masharti haya kwa ukatili. Wapo waombaji waliowaua wazazi wao kwenye karatasi ilhali wazee wako hai shambani.

Lakini tuitazame historia ya hicho cheti. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1920, nayo ilitofautisha watu kwa asili zao: kwa Wazungu na Waasia usajili ulikuwa wa lazima, kwa Waafrika walio wengi haukuwa hivyo. Baada ya uhuru usajili wa lazima ulipanuliwa polepole mno, wilaya kwa wilaya. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba mwenye cheti cha kuzaliwa hakufika hata mmoja kati ya watu watano. Mpango wa kuwasajili bure watoto walio chini ya miaka mitano katika ofisi za kata na vituo vya afya ulianza mwaka 2013, mkoani Mbeya. Wengi wa watoto hao wanakaribia tu umri wa chuo.

Maana yake ni hii: tunampima mwombaji maskini kwa karatasi ambazo dola lenyewe, la kikoloni na letu, lilichelewa kumpa. Mwenye baba mtumishi mjini ana kila cheti. Mtoto wa mfugaji au mvuvi ana kila dalili ya umaskini isipokuwa ushahidi. Nimekaa na wanafunzi wengi mbele ya fomu hizi, na wanaonisumbua zaidi moyoni ni waliotelekezwa. Yatima anaweza kuwa na cheti cha kifo. Mtoto ambaye baba yake aliondoka asirudi hana cheti chochote, kwa kuwa hakuna ofisi inayosajili kutoweka kwa mzazi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina mapendekezo matatu. Uhakiki wa vyeti ufanyike mwanafunzi akiwa bado kidato cha tatu au cha nne, shuleni, badala ya wiki chache za dirisha la maombi. Ushahidi wa kiapo wa viongozi wa mtaa au kijiji kuhusu mzazi aliyetelekeza familia upewe uzito unaojulikana, kwa kanuni iliyoandikwa. Na anayenyimwa aelezwe kwa maandishi ni kigezo gani kilichomwangusha, ili rufaa yake isiwe ya kubahatisha.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, tusidai tu nyongeza ya bajeti. Tudai pia kwamba dola libebe sehemu yake ya uthibitisho. Mwaka 1966 dola lilimwambia msomi: tumekulisha, sasa tutumikie. Leo linamwambia mwombaji: thibitisha kwamba una njaa. Linao uhalali wa kuuliza hivyo pale tu litakapokuwa limetimiza wajibu wake wa kumwandika raia huyo tangu siku aliyozaliwa.